Hewa ya ndani ya nyumba: mwongozo kamili kwa mkazi wa Nairobi, kuanzia jiko hadi kabati jipya

Jiko la makaa likishakolea, moshi umekwisha na makaa yamekuwa mekundu kote, ndipo watu wengi wa Nairobi hulibeba kutoka koridoo na kuliingiza ndani. Wanaamini hatari imebaki nje pamoja na moshi. Kikemia mambo ni kinyume kabisa. Moshi ule wa mwanzo ulikuwa unawasha macho na kukukimbiza, lakini jiko jekundu lisilo na moshi ndilo linalotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Hakuna kiungo mwilini kitakachokuonya.

Mwongozo huu umesimama juu ya hoja hiyo. Vitu vinavyochafua hewa ya nyumba vina tabia tofauti, na dawa ya kimoja haitibu kingine. Dirisha lililo wazi linamaliza karibu tatizo lote la harufu ya rangi, lakini haliwezi kulidhibiti jiko la makaa. Barakoa nzuri inazuia vumbi na haizuii gesi hata kidogo. Kwa hiyo kabla ya kutoa shilingi yoyote kununua kifaa, jua kwanza nyumbani mwako kuna nini.

Chembe na gesi

Uchafu wa hewa umegawanyika makundi mawili. La kwanza ni chembe: vipande vidogo vya masizi, majivu, matone ya mafuta na vumbi. Zile zinazoogopwa zaidi huitwa PM2.5, yaani zenye upana usiozidi maikromita 2.5. Unywele wa binadamu una upana wa maikromita 50 hadi 70, kwa hiyo chembe hizi hupita puani, hupita kooni, na kwenda kutua mwisho kabisa wa mapafu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilishusha kiwango linachopendekeza kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo, kwa wastani wa mwaka. Kwa siku moja, kiwango ni 15. Chumba kinachopikiwa kwa moto wa kuni au makaa huvuka kiwango hicho kabla maji hayajachemka.

Kundi la pili ni gesi: kaboni monoksaidi (CO), naitrojeni dayoksaidi (NO2), fomaldehaidi, benzini na nyinginezo. Chembe unaweza kuzichuja kwa kitambaa maalumu. Gesi hupenya kitambaa hicho bila kusimama. Ukikumbuka tofauti hiyo, nusu ya matangazo ya vifaa vya kusafisha hewa utayapita tu.

Hatua ya kwanza: hesabu kila kinachowaka

Chukua siku moja ya kawaida, kuanzia chai ya asubuhi hadi kulala, na uandike kila kitu kinachowashwa ndani: jiko, koroboi, mshumaa, dawa ya mbu, udi, sigara ya mgeni. Usiache kitu kwa sababu ni kidogo. Dawa ya mbu, kwa mfano, ni kidude chembamba cha kijani kinachofuka polepole usiku kucha, na watu hukisahau wanapohesabu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulipima dawa za mbu za aina hiyo na kukuta kwamba kuunguza moja hadi mwisho kunatoa PM2.5 sawa na sigara 75 hadi 137. Hiyo inafuka futi chache kutoka kwenye kitanda cha mtoto, dirisha likiwa limefungwa ili mbu wasiingie. Neti inafanya kazi hiyo bila kuchoma chochote.

Sasa tuchukue moto mmoja mmoja.

*Makaa.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo watu wanapofia.

Hewa huingia kupitia mdomo wa chini wa jiko. Oksijeni ikikutana na makaa ya chini, kaboni huungana nayo na kuwa kaboni dayoksaidi, CO2. Hadi hapo hakuna neno. Lakini CO2 hiyo inapanda juu kupitia tabaka la makaa mengine yenye joto kali, mahali ambapo oksijeni imeshakwisha, na humo kaboni inainyang'anya sehemu ya oksijeni yake: CO2 + C → 2CO. Inaingia molekuli moja, zinatoka mbili za sumu. Ule mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa ni CO ikiungua inapokutana na hewa. Ukitua sufuria juu yake, mwali unapoa na kuzimika, na CO iliyobaki inatoka chumbani kama ilivyo.

Tufanye hesabu. Vipimo vya maabara huonyesha kwamba kilo moja ya makaa hutoa CO ya karibu gramu 200, ikizidi au ikipungua kwa kutegemea jiko. Chukua chumba cha futi kumi kwa kumi, kile kinachopangishwa Mukuru, Mathare au Kayole: mita 3 kwa 3, na dari ya mita 2.5. Ni mita za ujazo 22.5. Jiko likila gramu 200 tu za makaa kwa saa, litatoa gramu 40 za CO. Tuseme madirisha na mlango viko wazi vizuri, kiasi kwamba hewa yote ya chumba inabadilishwa mara kumi kila saa. Bado CO itasimama karibu miligramu 178 kwa mita ya ujazo. Kiwango cha juu cha WHO kwa saa moja ni 35. Umefungua kila kitu na bado umezidisha mara tano. Ukifunga dirisha kwa sababu ya baridi ya Julai, usitafute kikokotoo.

Ndiyo maana shauri la "fungua dirisha kidogo" halinitoshi linapotolewa kwa mtu wa makaa. Makaa yapikiwe nje, kwenye baraza, koridoo iliyo wazi kabisa upande mmoja, au juu ya paa la ploti. Jiko likishapika, lisiingizwe ndani kutia joto, na makaa yasifunikwe jivu yadumu hadi asubuhi. Jivu linapunguza oksijeni, na oksijeni ikipungua CO inaongezeka. Briketi za vumbi la makaa ziko kundi hilohilo. Zinawaka taratibu na kwa muda mrefu zaidi, kwa hiyo zinatoa gesi kwa muda mrefu zaidi. Jiko la kauri, lililoenea tangu miaka ya 1980 na ambalo mabati yake hufuliwa na mafundi wa Kamukunji, linaokoa makaa mengi na nalipenda kwa hilo. Kemia ya makaa halijaibadilisha.

Kuna mambo matatu watu hufanya na hayasaidii. La kwanza ni kuweka beseni la maji kando ya jiko. CO haiyeyuki kwenye maji kiasi cha kumfaa mtu. La pili ni kulala kitandani badala ya chini, au chini badala ya kitandani. Uzito wa CO unakaribiana sana na wa hewa, kwa hiyo inachanganyika chumba kizima. La tatu ni kunywa maziwa. Sumu hii haiko tumboni, iko kwenye damu, imeishika hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kwenye damu, kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200.

Nairobi ina ugumu wake wa ziada. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kila pumzi inabeba oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na Mombasa. Damu iliyokaliwa na CO inakuwa na akiba ndogo ya kujitetea. Mwinuko huohuo unafanya maji yachemke kwenye nyuzijoto 94 au 95 badala ya 100, na ndiyo sababu githeri inachukua muda mrefu hapa. Watu wengi wenye mtungi wa gesi bado wana jiko la makaa kwa ajili ya githeri na maharagwe tu, kwa kuwa gesi ya kuchemsha saa tatu inauma mfukoni.

Kwa hiyo ukitaka kuondoa makaa nyumbani, tatua tatizo la maharagwe kwanza. Loweka usiku kucha. Tumia sufuria ya presha, ambayo inapandisha kiwango cha kuchemka na kufuta hasara ya mwinuko. Ile ya stima hupika maharagwe kwa kawaida kwa chini ya uniti moja, na waliokwisha kuizoea hupiga hesabu ya tokeni dhidi ya debe la makaa na kuona tofauti. Wasio na presha wachemshe maharagwe yaliyolowekwa kwa nusu saa nzima, kisha sufuria iingizwe kwenye kikapu kilichojazwa vitambaa au sponji na kufunikwa, yajimalizie kwa joto lake. Wengine hununua yaliyokwisha kuchemshwa kwa mama wa mtaani. Wewe umepona moshi. Yeye ndiye anayeuvuta kwa niaba ya ploti nzima, kwa hiyo wakati wa kugawana nafasi nje, apewe sehemu yenye upepo.

*Namna ya kuwasha.* Moshi wa mwanzo nao si mzaha. Karatasi za mkate, chupa za plastiki na vipande vya viatu vinavyotumiwa kuwashia vinatoa mchanganyiko mbaya, na plastiki ya PVC ikiungua hutoa gesi ya asidi ya kloridi na sumu ziitwazo daioksini. Washa kwa karatasi kavu na vijiti, moto uanzie juu ya makaa ushuke chini. Mvuke unaotoka kwenye makaa ya chini unalazimika kupita kwenye mwali na kuungua humo.

*Mafuta ya taa.* Tangu serikali iongeze tozo mwaka 2018 ili kuzuia uchakachuaji, mafuta haya yamepungua mitaani, lakini hayajaisha. Mwali wa manjano wa koroboi ni manjano kwa sababu umejaa masizi yanayong'aa kwa joto. Utafiti wa mwaka 2012 ulikuta kwamba taa ya utambi usio na kioo hugeuza asilimia 7 hadi 9 ya mafuta yake kuwa masizi meusi. Angalia mabati juu ya koroboi, au pua ya mtoto asubuhi. Mwongozo wa WHO wa mwaka 2014 unashauri mafuta ya taa yasitumiwe nyumbani. Taa ndogo ya sola imefanya jambo hili lisiwe na ubishi.

*Gesi ya mtungi.* Kwa upande wa chembe, gesi ni nafuu kubwa, na anayehama kutoka makaa kwenda gesi asikatishwe tamaa na nitakayosema. Mwali wa buluu una joto kali, na joto hilo linaunganisha naitrojeni na oksijeni za hewani. Matokeo yake ni NO ambayo hugeuka kuwa NO2, gesi inayochokoza njia ya hewa na kuamsha pumu. Kwenye bedsita ambako meko yako hatua mbili kutoka mtoto anapolala, hiyo inahesabika. Pika dirisha likiwa wazi na uliache wazi robo saa baada ya kuzima.

Gesi inakupa kipimo cha bure: tako la sufuria. Likiwa linang'aa, moto unaungua vizuri. Likianza kuwa jeusi na mwali una ncha za manjano, matundu ya meko yameziba uji na mafuta. Moto unakosa hewa, na CO imeanza kutoka. Fungua meko, yasugue kwa brashi ya waya, yakaushe. Mtungi ukivuja, gesi yake ni nzito kuliko hewa na hutambaa sakafuni. Ile harufu mbaya hutiwa makusudi kiwandani ili uigundue. Ukiisikia usiguse swichi ya taa, kuwasha wala kuzima. Funga mtungi, fungua mlango, toka. Kila unapobadilisha mtungi, paka povu la sabuni kwenye mpira na rejeleta uangalie mapovu.

*Ethanoli* inaungua safi na karibu bila masizi, ila nayo inakula oksijeni na kutoa unyevu. *Kuni* mjini ni za vibanda na shule zaidi. Onyo moja tu: mbao za mjengo na vipande vya nguzo zenye rangi ya kijani hafifu huenda zimetiwa dawa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Zikichomwa, aseniki inaingia kwenye moshi na kwenye jivu. Usipikie, na jivu lake usisugulie sufuria.

*Udi na ubani.* Eastleigh na Majengo nyumba haijakamilika bila chetezo, na sitamwambia mtu aache. Lakini chetezo ni kaa la moto lenye utomvu juu yake: CO kutoka chini, chembe nzito kutoka juu. Fukiza chumba kikiwa kitupu, toka ukafunge mlango dakika kumi, kisha utoe chetezo na ufungue dirisha. Harufu itabaki kwenye mapazia na nguo; moshi ukiondoka haitakuwa imepotea.

*Mafuta ya kukaangia* nayo yahesabiwe. Mafuta ya mandazi yakianza kufuka yanavunjika na kutoa akroleini, ndiyo inayokuliza machozi. Ukiona moshi kabla hujaweka kitu ndani ya karai, moto umezidi. Mafuta yaliyorudiwa mara nyingi hufuka mapema zaidi.

Hatua ya pili: vitu visivyowaka lakini vinapumua

Mwisho wa mwezi, nyumba za kupanga hupakwa rangi leo na mpangaji anaingia kesho. Rangi ya mafuta, ile inayong'aa inayopakwa milangoni na nusu ya chini ya ukuta, huyeyushwa kwa spiriti ya petroli, na kukauka kwake ni kule spiriti kuhamia kwenye hewa unayoivuta. Nyingi hutoka siku chache za mwanzo. Mwombe keateka funguo mapema, hata kama mizigo haijafika, ufungue madirisha mchana kutwa. Ukiwa na sauti kwa mwenye nyumba, omba rangi ya maji. Rangi kuukuu ya mafuta isikwanguliwe kavu, kwa kuwa za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake hubaki sakafuni mtoto anapotambaa, ilowanishe kwanza.

Kabati na meza za mbao za kubandikwa, chipboard na MDF, zimeshikanishwa kwa gundi ya yurea na fomaldehaidi. Unyevu unaivunja gundi hiyo polepole na kuachia fomaldehaidi, gesi ambayo wakala wa WHO wa utafiti wa saratani ameiweka kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Joto na unyevu huongeza kasi, kwa hiyo kabati lilelile hutoa zaidi kwenye nyumba ya mabati saa nane mchana kuliko kwenye nyumba ya mawe. Kingo zilizokatwa zisipofunikwa ndizo zinazotoa zaidi. Mwambie fundi azibe kingo zote, hata za nyuma zisizoonekana. Ni kazi ndogo na mafundi huiruka kwa sababu mteja haangalii huko. Kabati jipya liache milango wazi kwa majuma kadhaa kabla ya kujaza nguo za mtoto.

Chooni kuna mtego mbaya zaidi, na ni wa haraka. Jiki ni hipokloriti ya sodiamu. Dawa nyingi za kung'arisha sinki la choo zina asidi ya kloridi. Ukizimwaga pamoja: NaOCl + 2HCl → NaCl + H2O + Cl2. Hiyo ya mwisho ni klorini. Choo cha ploti ni futi tatu kwa tatu, hakina dirisha la maana, na mlango umefungwa. Jiki na mkojo mwingi uliolala, au jiki na dawa yenye amonia, hutoa kloramini, ambayo nayo inachoma mapafu. Kanuni ni kutumia moja, kumwagia maji mengi, na nyingine siku nyingine. Ukianza kukohoa, acha ndoo hapohapo utoke.

Vidonge vyeupe vya nondo kabatini ni naftalini inayogeuka moja kwa moja kuwa mvuke. Mvuke huo umekusudiwa kuua mdudu, na wewe unaulalia. Na ile harufu ya limau ya kupuliza, limonini, ikikutana na ozoni huzalisha fomaldehaidi na chembe ndogo mno. Nyumba isiyo na harufu yoyote ndiyo safi.

Unyevu unastahili neno refu kidogo kwa sababu ya Juni hadi Agosti. Kupika, kupumua na kuanika nguo ndani huujaza chumba mvuke; usiku mabati na kuta hupoa, mvuke unageuka matone, na ukungu mweusi unaota nyuma ya kitanda na kwenye pembe za dari. Ukungu hutoa mbegu ndogo zinazochokoza pumu na mafua yasiyoisha. Kuupaka rangi juu ni kuuficha kwa mwezi mmoja. Sugua kwa maji na sabuni, kausha, sogeza kitanda na kabati ziachane na ukuta kwa upana wa kiganja, na tafuta bomba au paa linalovuja. Unyevu wa hewa ukikaa chini ya asilimia 60, ukungu hupata shida kuota.

Hatua ya tatu: hewa ipite wapi na saa ngapi

Dirisha moja halipitishi hewa, linaivuta na kuirudisha. Unahitaji matundu mawili, pande mbili tofauti ikiwezekana, na moja likiwa juu, kwa kuwa hewa ya moto hupanda. Nyumba nyingi za mabati zina nafasi kati ya ukuta na paa. Watu huiziba kwa magunia msimu wa baridi. Ziba upande unaopuliza upepo, acha wa pili. Kwenye ghorofa za Pipeline, ambako dirisha lako linatazamana na la jirani na kati yenu kuna mwanya wa kupitisha bega, tundu la juu ya mlango na koridoo ndivyo vinavyobeba hewa. Jirani akiwasha makaa koridoo, mmepika wote. Hilo ni suala la kikao cha wapangaji na keateka. Kukaa kwenye dirisha lako na kununa hakulimalizi.

Saa nazo zina maana. Usiku wa baridi na asubuhi mapema hewa ya jiji husimama, na moshi wa magari ya Jogoo Road au Outer Ring, au wa jalala la Dandora kwa walio karibu, hukaa chini. Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni jua na upepo huuinua. Fungua kila kitu saa hizo. Aliye kando ya barabara kubwa afungue upande usiotazama barabara. Lakini kunapopikwa ndani, dirisha lifunguliwe hata kama matatu zinanguruma nje. Moto wa ndani uko karibu nawe zaidi.

Hatua ya nne: kupima, na vitu vya kutonunua

Kabla ya vifaa, tumia macho. Masizi darini, utando wa buibui uliogeuka mweusi, kioo kinachotiririka maji asubuhi, kichwa kinachouma ndani na kuacha ukitoka nje: kila kimoja ni kipimo.

Kifaa cha kwanza kununua ni king'ora cha CO. Soma boksi vizuri: CO, si CO2. Wauzaji wengi huvichanganya, na cha CO2 hakitalia ukifa. Kitundike usawa wa kichwa kwenye chumba mnacholala, na angalia mwaka wa mwisho ulioandikwa, maana kihisi chake cha kikemia huisha nguvu hata kikikaa bure. Jua pia kwamba vinavyofuata kiwango cha Ulaya, EN 50291, hulia baada ya dakika 60 hadi 90 CO ikiwa sehemu 50 kwa milioni. Vimetengenezwa kuzuia kifo. Kimya chake si cheti cha hewa safi.

Kipimo cha PM2.5 cha bei nafuu humulika chembe kwa leza na kuhesabu mwanga unaotawanyika. Asubuhi ya ukungu husoma juu kwa sababu chembe zimevimba maji. Kitumie kulinganisha: kabla ya kupika na baada, dirisha wazi na dirisha limefungwa, makaa na gesi. Kipimo cha CO2 kinafaa kwa chumba cha kulala na darasa. Hewa ya nje ina sehemu 420 na kidogo kwa milioni, na ndani ikipita 1,000 mnavuta pumzi za wenzenu.

Mashine yenye chujio la HEPA inakamata angalau asilimia 99.97 ya chembe za maikromita 0.3. Inamfaa mwenye pumu anayeishi kando ya barabara. Kwa jiko la makaa haina kazi, kwa sababu CO inapita. Mashine za ozoni, zinazouzwa kwa jina la kusafisha hewa, usinunue hata kwa bei ya kutupa. Ozoni yenyewe ni sumu ya mapafu. Na maua ya chungu yabaki kuwa mapambo. Sifa yao ilitokana na majaribio ya NASA, shirika la anga za juu la Marekani, ya mwaka 1989 ndani ya masanduku yaliyofungwa kabisa. Uchambuzi wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ili kufikia kazi ya upepo wa kawaida.

Mtu akizidiwa

Dalili za CO ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, kisha usingizi. Hufanana na malaria au chakula kibaya, lakini joto la mwili halipandi, na huwapata walio chumbani wote kwa pamoja. Ukimkuta mtu hivyo, fungua mlango na umtoe nje kwanza, maswali baadaye. Usikae ndani kutafuta jiko. Ukiishiwa nguvu mtakuwa wawili. Asiyepumua, anza kumkandamiza kifua na umtume mtu apige 999 au 112. Usimpe maziwa wala maji ikiwa hana fahamu sawasawa.

Hospitalini sema wazi: "Alikuwa chumbani na jiko la makaa." Maneno hayo ni muhimu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni hakitofautishi hemoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba CO, kinaweza kusoma 98 kwa mtu anayekufa. Kinachohitajika ni kipimo cha damu na oksijeni safi kwa barakoa. Kwa hewa ya kawaida damu huchukua saa nne hadi tano kupunguza CO kwa nusu. Kwa oksijeni safi ni kama saa moja na nusu.

Akiruhusiwa kwenda nyumbani, walio karibu naye waendelee kumwangalia kwa majuma kadhaa. Kusahausahau, kubadilika tabia, au mwendo usio wa kawaida vinaweza kuanza siku nyingi baada ya kuonekana amepona, na vikitokea arudishwe kwa daktari, pamoja na karatasi za mara ya kwanza. Mama mjamzito apelekwe hata akijisikia mzima, kwa kuwa damu ya mtoto tumboni huishika CO zaidi na huiachia polepole kuliko ya mama.